Masikio ya elfi yalichongoka lini?

Umeuliza kama elfi, wale viumbe wa ajabu wenye umbo la watu katika ngano za kale za Ulaya kaskazini, walikuwa na masikio yaliyochongoka kama hawa wa kwenye magemu. Hapana. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika mnamo 1220 hivi, anasema elfi wa nuru ni wazuri kuliko jua na wa giza ni weusi kuliko lami. Masikio hayataji kabisa.

Skandinavia alama ya kumtambua elfi ilikuwa nyuma, si kichwani. Elfi wa kike wa Denmark ukimtazama mbele ni mrembo ajabu. Akigeuka, mgongo uko wazi, umebonyea kama hori la kukandia unga. Jamaa yake wa Norway, hulda, ana mkia wa ng'ombe unaochungulia chini ya sketi, na hapo ndipo watu humshtukia.

Tolkien naye, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kubuni, kwenye barua ya 1938 alisema masikio ya hobiti, wale watu wafupi wa hadithi zake, yamechongoka kidogo tu, "ya kielfi". Kidogo! Yale marefu kama ya punda ni ya wachoraji waliofuata.

Kwa hiyo ukimchora elfi wa ngano, mwachie masikio ya kawaida, kazi yako iweke mgongoni.