Unataka kumpeleka mzee kaskazini kwa pikipiki? Keti kwanza

Desemba haijafika na tayari simu yangu imejaa swali lilelile. "Mkubwa, nataka kupanda na baba hadi Turkana, nifunge tairi gani?" Tairi! Kila mwaka ni tairi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza baba yake akojoe wapi, na hilo ndilo swali. Nitafika huko.

Juzi nikiwa Isiolo najaza mafuta niliwaona wawili, baba na mwana, wanafunga mizigo saa tano asubuhi. Kijana ana koti la bei, kamera juu ya helmeti, buti hadi magotini. Mzee ana sweta na kofia ya ndani. Nikamwita kijana kando, nikamsihi walale hapo waondoke kesho. Akanijibu kwa adabu sana kwamba walikuwa wakisubiri chapati. Basi naandika. Nimeweka namba ili mdhani nimejipanga.

1. Ondokeni Isiolo kukipambazuka, si gizani (ngamia hawana taa), na si baada ya chapati. Hadi Marsabit ni kama kilomita 260 za lami safi, na lami hiyo ndiyo inayowaponza. Zamani, njia ikiwa murramu, mtu alijiandaa kwa sababu alijua huenda akalala porini. Sasa anaona mstari mweupe katikati ya barabara, anadhani anakwenda Nakuru. Jua la jangwa la Kaisut halijaambiwa kwamba barabara imekamilika. Saa sita isiwakute bado uwandani. Iwakute Marsabit juu, kwenye msitu na ukungu, mzee akiidai sweta yake.

2. Mzee atangulie, wewe ufuate. Huwezi kumtunza mtu unayemwona kwenye saidimira tu.

3. Usimuulize mzazi kama amechoka.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitasema yote, maana naona mnanifuata hatua kwa hatua. Baba yangu alikuwa afisa wa mifugo. Miaka yake ya kazi aliimaliza juu ya pikipiki ya serikali, kwenye njia ambazo nyinyi mngeshuka mkasukuma. Kwa hiyo safari yetu ya kwanza sikumpangia kitu. Niliona kumpangia ni kumkosea. Tulitoka Isiolo jua limeshachoma, na mchelewaji nilikuwa mimi, nikitafuta kamba za mpira za kufungia mzigo. Tukapita Archers Post. Tukapita Sereolipi. Merille, katikati ya njia, tukasimama nikamwuliza lile swali la kijinga: "Mzee, umechoka?"

Jamani. Ni baba gani atamjibu mwanawe ndiyo? Alinitazama, akafunga mkanda wa helmeti, akasema, "Twende." Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa karibu hadi shingoni. Niliiona. Nikajisemea, mzee ni mgumu huyu, wa zamani hawana kiu.

Mbele kidogo indiketa yake ya kulia ikawaka. Hapakuwa na njia kulia, ni miiba na mawe. Ikaendelea kuwaka, kilomita baada ya kilomita, nami nacheka ndani ya helmeti, nampigia honi kumtania. Kisha akaanza kuvutwa kuelekea katikati ya barabara, anarudi, anavutwa tena. Lori lililotoka Moyale likatupita na honi ndefu isiyokuwa ya utani. Akasimama bila ishara, akashuka bila kuteremsha stendi. Pikipiki yake, Boxer, ikalala ubavu, petroli ikaanza kuchuruzika, wala hakugeuka. Huyu ni mtu anayefuta tangi kwa leso yake ya mfukoni kila asubuhi! Akaniita kwa jina la marehemu ndugu yake, akaniuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa.

Nilimgusa shingoni. Moto, na kavu kabisa. Kivuli cha karibu kilikuwa ndani ya kalavati, nikamwingiza humo nusu kwa kumbeba. Lori jingine, hili linapanda kwenda Marsabit, likasimama bila sisi kulisimamisha. Dereva na turnboy wake walijua la kufanya: koti likavuliwa, buti zikavuliwa, jerikeni ya lita 20 ikamwagwa kichwani, shingoni, kwapani, kijana akampepea kwa kipande cha katoni bila kupumzika. Mimi? Nilisimama nimeshika helmeti yake, nasema "Baba, Baba," na fedheha hiyo ningali nayo. Tukampakia hadi hospitalini Laisamis.

Muuguzi akaniuliza mzee anatumia dawa gani. Sikujua. Mimi niliyejua sproketi yake ya nyuma ina meno mangapi, sikujua anameza nini asubuhi. Tulivikuta kwenye mfuko wa shati, vidonge vya presha, vile vinavyotoa maji mwilini kwa mkojo. Alikuwa amevimeza Isiolo, mbele yangu, akaingia juani bila kunywa tone.

Jioni akili ilipomrudia, dripu ingali mkononi, nikamwuliza kwa nini hakunywa. Alikawia kujibu. Halafu akasema hakutaka kunisimamisha kila nusu saa. Umri wake ule mtu akienda haja ndogo anakwenda mara nyingi na anachukua muda, na uwanda ule hauna kichaka cha kumsitiri mtu mzima mbele ya mwanawe. Akaamua afadhali asinywe. Alisema hivyo akitazama ukutani, nami nikatazama dripu.

Pikipiki zilirudi Isiolo juu ya lori. Nyumbani mama hakunisemesha kwa muda ambao sitautaja.

Kwa hiyo usimuulize. Sema wewe ndiye umechoka. "Mzee, kiuno kinaniua, tusimame." Atakucheka, atakuita mtoto wa mayai, na atasimama. Simama penye kalavati, mti mnene, gari bovu, chochote cha kumpa siri. Nenda haja wewe kwanza, mbali, kisha rudi ujishughulishe na cheni ukimpa mgongo, hata kama cheni haina neno. Habari za dawa mwulize mama, anazijua zote na saa zake. Kisha mzee aende kwa daktari wake kabla ya safari, aulize kuhusu dawa hizo na joto. Msiziache kwa akili zenu wenyewe. Na mzazi akianza kuchanganya maneno juani, hapo hakuna cha kungoja apumzike kidogo. Mwageni maji, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze.

4. Maji: glasi moja kila dakika 20, kiu iwepo isiwepo, kwa sababu mzee hasikii kiu mapema kama wewe, na kwenye upepo mkavu jasho hukauka kabla hamjaliona. Bebeni pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe, visirundikwe. Na hewa ikishapita joto la ngozi, yaani nyuzi 35 na zaidi, acheni kufungua makoti eti mpate upepo, maana upepo huo unawaoka na kuwakausha. Lowesha fulana, funga koti juu yake.

5. Baada ya Marsabit, anayejua njia ni mtu wa hapo, si simu yako. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Kiangazi utapita umenyooka. Mvua ikinyesha, ganda la juu litakuonyesha ukavu na chini yake kuna tope la chumvi. Ukifika Maikona waulize madereva wa malori na wafugaji wa Kigabra kuhusu njia na kuhusu usalama, kisha wakikuambia subiri, subiri. Mafuta jaza Marsabit hadi tangi litapike. Mbele ni ya chupa na jerikeni, yachuje. Mzee wangu huchuja kwa ileile leso.

Ndiyo, tulirudi. Alidai mwenyewe, na mama alitoa masharti marefu kuliko safari. Mchangani niliyapunguzia matairi upepo kiasi (ukizidisha, tairi litateleza kwenye rimu ling'oe vali ya tyubu), nikamfundisha mzee kusimama kwenye vikanyagio, kutazama mbali, kutoachia mafuta, kutogusa breki ya mbele. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akapita ameketi, gia ya pili, miguu imening'inia pande zote mbili, akiimba wimbo wa kanisani. Mimi niliyesimama kwa kanuni zote nilikuwa chini ya pikipiki, na alirudi kwa miguu kuniinulia. Alipofika hakusema kitu. Alitoa simu, akanipiga picha kwanza.

6. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna upepo wa kutoka mlima Kulal ambao haujali uzito wako. Wale wa umeme wa upepo hawakusimamisha mitambo yao 365 kule upande wa Sarima kwa urembo. Usiku laza pikipiki ukutani au ifunge. Maji ya ziwa yana magadi, msiyategemee, na mkitaka kunawa ulizeni kwanza mamba wako wapi.

7. Wanaombeba mama kiti cha nyuma, nyinyi hamna shida yangu. Mama atasema amechoka, atasema unakwenda kasi, atasema na mambo ya mwaka juzi.

8. Tazama leseni ya mzee kabla ya kutoka nyumbani. Yangu niliitazama. Yake tuligundua kwenye kizuizi, wakati afande ameishika, kwamba ilikufa zamani, labda enzi za pikipiki ya serikali. Afande alitazama zile mvi, akatazama vumbi la Chalbi mabegani, akamrudishia kwa mikono miwili akamwambia, "Mzee, pole na safari, uirekebishe ukifika." Kisha akanigeukia mimi, mwenye leseni halali, bima halali na viakisi mwanga, akaniweka pale juani akinifokea kwa nini namtesa mzazi. Mzee naye, kwenye kivuli cha kibanda chao, ameshapewa kiti na chai, anatikisa kichwa kumkubalia.