Mary Sue, Gary Stu na yule tunayemwita stelingi

Umeuliza kama mhusika wa hadithi asiye na kasoro ana jina, na kwa nini la kike ndilo linalorushwa ovyo zaidi. Wa kike huitwa Mary Sue. Wa kiume Gary Stu au Marty Stu. La kike ndilo lililotangulia, la kiume likachongwa kwa kulifuatisha.

Lilianza kama utani. Mwaka 1973 Mmarekani Paula Smith alichapa hadithi fupi mno ya kejeli katika Menagerie, jarida la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani kuhusu mabaharia wa chombo cha angani. Luteni Mary Sue ana miaka 15 na nusu, ndiye luteni mdogo kuliko wote, hakuna asichokiweza, na anapokufa wakubwa wote wanamlilia. Hadithi za namna hiyo zilikuwa zimejaa kwenye majarida ya mashabiki, na wengi waliokuwa wakiziandika walikuwa wanawake. Ndiyo maana kejeli ikavaa gauni tangu siku ya kwanza.

Mimi jina hilo limeshanipata. Niliandika mswada kuhusu nahodha Zuhura: miaka 22, lugha tano, hakosei hata siku moja. Kwenye kikundi chetu cha kusomeana miswada wawili wakasema, "Huyu Mary Sue," wakafunga kurasa. Nikanuna wiki nzima. Kisha, kwa ukorofi tu, nikamgeuza Zuberi. Hapo Kiswahili kilinirahisishia kazi, maana "alishika usukani" ni alishika usukani, awe nani. Nilibadili jina, na "binti" ikawa "kijana" mahali pachache, basi. Nikawapa wasomaji wengine. Hakuna aliyelalamika kuwa anajua mno. Mmoja akaniandikia, "Stelingi katisha!"

Kumbe la kiume tunalo siku zote, ila kwetu ni sifa. Stelingi hafi, risasi zinamkwepa, na tunampigia makofi.

Nisijifanye nimeonewa, lakini. Mswada ulikuwa mbovu kwelikweli. Mama mmoja aliyesoma matoleo yote mawili aliniambia, "Mwanangu, nahodha wako hana tatizo. Wenzake ndio maiti." Nikarudi kuusoma. Kweli, kila mtu chomboni alikuwepo ili ashangae. Hata hasimu wake, baharia wa miaka mingi, alikuwa akipata kigugumizi nahodha akiingia. Ugonjwa ulikuwa hapo, na jina Mary Sue halikunionyesha. Lilinifanya nitake kumbandikia Zuhura kasoro, mara awe anajikwaa, mara aogope giza. Kasoro ya kubandika haiponyi kitu. Tangu hapo nikisoma kazi ya mtu siyatumii majina haya, la kike wala la kiume. Namwonyesha ukurasa ambao watu wengine waliacha kuwa watu.

Zuhura amerudishiwa jina lake, na lugha zake tano bado anazo. Ila sasa yupo fundi wa injini anayekataa amri yake mbele ya mabaharia, na fundi ndiye aliye sahihi. Sura hiyo niliiandika mara sita, kwa sababu kila nikifika katikati nilijikuta namtafutia Zuhura upenyo wa kushinda.