Maswali Yenu: Upepo ni wa Bure, Mbona Bili Haishuki?

Swali: Mhariri, hujambo. Nasikia Ujerumani kuna saa ambapo bei ya jumla ya umeme hushuka chini ya sifuri kwa sababu ya upepo na jua. Sisi tuna upepo wa Turkana na mvuke wa Olkaria. Mbona bili yangu haishuki? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ni kweli, mwaka 2024 pekee saa hizo Ujerumani zilifika 457. Lakini bei hiyo huzaliwa mnadani, na Kenya haina mnada.

Kule, kila siku saa sita mchana mnada wa umeme wa kesho yake hufungwa. Tuchukue mfano wa saa moja inayohitaji megawati 1,000. Upepo una megawati 300 kwa bei ya sifuri, makaa ya mawe 500 kwa euro 70 kwa megawati-saa (uniti 1,000), gesi 400 kwa euro 110. Wa bei nafuu huitwa kwanza. Upepo na makaa vinafika 800. Zile 200 zilizobaki zinatoka kwenye gesi, na euro 110 za gesi ndizo wanazolipwa wote, hata mwenye upepo. Upepo ukiongezeka hadi 600, gesi haihitajiki tena na kila mtu analipwa 70. Ukifika 1,100, bei inaanguka hadi sifuri. Hupita chini ya sifuri pale mwenye mtambo wa makaa anapoona heri alipe ili umeme wake uchukuliwe, kuliko kuuzima na kuuwasha tena baada ya saa chache. Kuwasha hula mafuta mengi na huchosha mabomba ya mvuke.

Sasa tazama tarehe 12 Desemba 2024. Upepo ulitulia, jua likawa hafifu, na saa kumi na moja jioni megawati-saa moja ikauzwa euro 936. Jua na upepo hushusha bei katika saa zao tu. Saa nyingine hubaki mikononi mwa wenye makaa na gesi.

Kenya Power, kampuni inayokuuzia umeme, hununua kwa mikataba mirefu. Ule wa Turkana ni wa miaka 20, na bei ya uniti imeandikwa kwa euro, kwa hiyo upepo ukizidi bei haitikisiki, shilingi ikidhoofika unalipa zaidi. Unalipia pia umeme uliokuwa tayari ukakosa njia: mitambo yote 365 ya upepo ilikuwa imekwisha kujengwa mwaka 2017, laini ya kupeleka umeme wake Suswa ikawashwa Septemba 2018, na kungoja huko kulilipiwa. Upepo wenyewe huvuma zaidi usiku wa manane, watu wamelala na mvuke wa Olkaria bado unatoka ardhini; lazima kimoja kipunguzwe. Kisha jioni, kati ya saa moja na saa nne, mitambo ya mafuta huwashwa. Gharama yake huingia bilini kwenye mstari wa gharama ya mafuta, unaobadilika kila mwezi. Uangalie huo. Kwa maoni yetu, betri za kuhifadhi umeme wa usiku na mikataba isiyolipia umeme usiochukuliwa vinahitajika kabla ya kuongeza upepo mwingine.

Swali: Nina mashine ya barafu ya samaki. Kuiendesha usiku kuna faida? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Ipo, ikiwa uko kwenye bei ya biashara yenye saa za nafuu: siku za kazi saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Malipo ya nishati hupungua karibu nusu, ila gharama ya mafuta haipungui. Mashine ya kilowati 30 ikienda kwa muda wa saa sita ni uniti 180, na hewa baridi ya usiku huipunguzia kompresa kazi. Hakikisha kwanza kwamba mita yako inasoma saa na bili inatenga uniti za usiku. Weka taima saa nne na robo, kwani saa ya mita inaweza kuchelewa. Kama unalipia pia KVA, yaani kilele cha umeme unaovuta kwa mwezi, usiendeshe kompresa zote kwa wakati mmoja. La sivyo, kilele kimoja kinaweza kula akiba yako ya mwezi.