Iginla bila kombe bado ni gwiji
Ndugu, umeuliza Jarome Iginla anaitwaje gwiji wa hoki ya barafu ilhali hajawahi kubeba Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Mimi namtetea kabisa. Winga huyu wa kulia, Mkanada mwenye baba Mnigeria, alifunga mabao 625 NHL, mengi akiwa na timu ya Calgary Flames. Msimu wa 2001–02 aliongoza ligi nzima kwa mabao (52) na kwa pointi, yaani mabao pamoja na pasi za mabao (96). Kombe lilimponyoka 2004: fainali ilifika mchezo wa saba, wa mwisho, Tampa Bay wakashinda.

Ila itafute fainali ya Olimpiki ya Vancouver 2010, Kanada na Marekani, muda wa nyongeza. Iginla kabanwa pembeni na beki, mwenzake wa Kanada, Crosby, anamwita kwa sauti. Anakisukuma kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafu) huku anaanguka, Crosby anapachika, dhahabu ya Kanada! Winga mchoyo asingeitoa pasi ile. Baadaye alizunguka timu za Pittsburgh, Boston, Colorado na Los Angeles, kombe hakulipata. Jumba la Magwiji wa hoki lilimchagua 2020, mwaka wake wa kwanza kabisa wa kustahili.