Sayansi wakiwa majumbani: waanzie baharini

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawashikaje wanafunzi wako wa kidato cha pili hapo Lamu wakisomea nyumbani, ilhali maelezo unayotuma kwa WhatsApp husomwa na wawili watatu tu. Mimi ningeacha kabisa kutuma kurasa za kitabu. Wape kitu cha kupima.

Bahari iko mlangoni. Kila mmoja achague ngazi au nguzo ya gati, aandike saa ambayo maji ya mchana yamejaa pomoni na mahali yalipofika, kwa wiki mbili. Wataona wenyewe kwamba kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na kwamba bamvu, yaani maji kujaa kupita kawaida, huja siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu. Waulize kwa nini kabla hujataja uvutano wa mwezi na jua. Mwenye babu nahodha amuulize; jibu la babu nalo lipimwe!

Majibu yaje kwa sauti au picha ya daftari. Video hapana, bando ni ghali. Asiye na simu aungane na jirani. Na vipimo vikipingana, usikimbilie kusahihisha: vitume kwa wote, waache wabishane kwanza.