Nimefundisha Miaka Tisa; Kwa Nini Nitahiniwe Tena?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimefundisha darasa la nne katika jimbo la Kentucky kwa miaka tisa, na leseni yangu niliipata baada ya kufaulu mitihani ya Praxis, mitihani ya walimu inayotumiwa na majimbo mengi. Mwezi Juni mume wangu alipata kazi Texas, nasi sasa tunaishi Fort Worth. Hapa naambiwa kwamba wanatumia mitihani mingine, iitwayo TExES. Nimenunua vitabu vitatu vya mazoezi, na kila jioni watoto wakishalala nafungua kimoja na kusoma mpaka usingizi unishinde, lakini sioni kama nasonga mbele. Nilipojipima nyumbani, maswali niliyoyakosa ndiyo hasa niliyokuwa nimeyajibu bila wasiwasi wowote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kentucky imo katika mkataba wa majimbo kuhusu leseni za walimu, nami nilidhani mkataba huo ungenivusha. Nianzie wapi?
— Mwalimu wa darasa la nne, Fort Worth, Texas

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa kuhama.

Tuanze na mkataba, kwa kuwa wengi wanauelewa visivyo. Ni kweli kwamba ulianza kuwa na nguvu mwaka 2023, baada ya majimbo 10 kujiunga, na Kentucky ni mojawapo. Lakini mkataba wa aina hii humfaa mwalimu pale tu ambapo jimbo analotoka na jimbo analokwenda yote mawili ni wanachama, na Texas haikuwamo katika yale 10 ya mwanzo. Hata baina ya wanachama, mwalimu bado hutuma maombi na kuchunguzwa kama ana rekodi ya makosa ya jinai. Nchini Marekani hakuna leseni ya ualimu ya taifa zima. Kila jimbo hutoa yake na kuweka masharti yake.

Sasa nikuombe jambo ambalo huenda lisikupendeze: vifunge vile vitabu vitatu. Bado hujajua unadaiwa mitihani mingapi. Mwalimu aliyepata leseni katika jimbo jingine huomba kwanza Idara ya Elimu ya Texas, ijulikanayo kwa herufi TEA, ipitie vyeti vyake. Utapeleka nakala rasmi za matokeo ya chuo na leseni yako ya Kentucky, utalipa ada, na wao watalinganisha mitihani uliyokwisha kuifaulu na ile ya kwao. Ukionekana kuwa na mtihani unaolingana na wa Texas, unaweza kusamehewa. Nimewaona walimu waliosomea kwa miezi miwili mtihani ambao barua ya TEA ilikuja kuwaambia kuwa hawakuuhitaji. Anayetimiza masharti mengine anaweza pia kupewa cheti cha mwaka mmoja, kinachomruhusu kufundisha huku akimalizia mitihani iliyobaki. Kumbuka tu kwamba mwaka huo huanza kuhesabiwa tangu cheti kinapotolewa, hata kama wewe bado unapanga vyombo jikoni.

Wakati ukisubiri jibu, si vibaya kujiandaa kwa mitihani miwili ambayo walimu wa shule za msingi hukutana nayo mara nyingi. Wa kwanza ni wa ufundishaji na wajibu wa kitaaluma, ambao huku huitwa PPR, namba 160. Wa pili ni wa sayansi ya kufundisha kusoma, STR, namba 293, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuanza kudaiwa tarehe 1 Januari 2021. Alama za mitihani hii hupangwa kati ya 100 na 300, na ya kufaulu ni 240. Usiisome 240 kama asilimia, wala usiilinganishe na alama zako za Praxis, ambazo hupangwa kati ya 100 na 200. Ni mizani miwili tofauti.

Umesema kwamba uliyakosa maswali uliyoyajibu bila wasiwasi. Sentensi hiyo imenipa picha kuliko barua nzima, kwa sababu nami ilinipata. Nilipohama jimbo, nikiwa na miaka mingi darasani, niliingia kwenye chumba cha mtihani kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake, nikatoka nimefeli kwa alama tisa. Sikushindwa kwa kutojua kufundisha. Nilikuwa nikijibu kama mwalimu mwenye wanafunzi 28 na kengele inayokaribia kulia, ilhali mtihani ulikuwa ukimuuliza mwalimu mwingine kabisa, aliyeandikwa katika waraka wa jimbo, ambaye ana muda wa kutosha na hachukui hatua yoyote kabla ya kupata ushahidi.

Nikupe mfano nilioutunga mwenyewe kwa sura ya maswali ya PPR. Mwalimu wa darasa la nne yuko katikati ya somo la hesabu kuhusu sehemu, kama nusu na robo, akatambua kuwa theluthi moja ya wanafunzi wamepotea. Afanye nini kwanza? A: aendelee na somo, kisha alirudie kesho kwa wale walioachwa nyuma. B: awaketishe waliopotea pamoja na walioelewa ili wasaidiane. C: awape wote swali moja fupi la kujibu kwenye karatasi, aone kosa liko wapi, ndipo abadilishe somo papo hapo. D: awape mazoezi ya ziada ya nyumbani.

Mwalimu mzoefu mkono wake huenda B, na darasani B huzaa matunda. Mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi. Jibu la mtihani ni C. Neno lililobeba swali zima ni “kwanza”, na kwa mtazamo wa jimbo mwalimu hupima kabla ya kutibu. Ukiisoma B tena utaona kwamba inawapeleka watoto kwa wenzao kabla mwalimu hajajua wamekosea nini: huyu labda anadhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili, na yule hajui kabisa kwamba vipande lazima viwe sawa. Ukishaufahamu mwenendo huu, maswali mengi yaliyokuwa yakikuteleza yataanza kushikika.

Kwa hiyo kitabu chako cha kwanza kiwe mwongozo rasmi wa mtihani wa PPR, ambao hutolewa bure katika tovuti ya mitihani ya TEA. Humo utakuta uzito wa kila eneo: kupanga ufundishaji na upimaji huchukua asilimia 34, kufundisha kwenyewe asilimia 33, wajibu wa kitaaluma asilimia 20, na mazingira ya darasa asilimia 13. Walimu wengi hutumia wiki nzima kwenye nidhamu na mazingira ya darasa kwa kuwa ndiyo mada wanayoipenda, kumbe ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Soma maelezo ya kila umahiri polepole, kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba, ukiviwekea alama vitenzi vyake. Halafu uwe na daftari la makosa tu. Kwa kila swali ulilokosa andika jibu ulilochagua, sababu iliyokuvuta, na maneno ya mwongozo yanayoliunga mkono jibu sahihi. Baada ya makosa 40 hivi utagundua kwamba unakosea kwa namna mbili au tatu tu, unazozirudia.

Katika wajibu wa kitaaluma, tenganisha sheria za taifa na za jimbo. Sheria ya taifa ya kulinda rekodi za wanafunzi, FERPA ya mwaka 1974, na ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, ni zile zile ulizozifuata Kentucky. Kinachobadilika ni majina na taratibu. Kikao ulichokizoea kwa jina la ARC, kinachopanga huduma za mtoto mwenye mahitaji maalumu, Texas hukiita ARD. Ukikutana na herufi hizo chumbani mwa mtihani kwa mara ya kwanza, utapoteza dakika mbili ukijiuliza ni kitu gani. Kentucky ilikuwa jimbo la kwanza kupokea Common Core, viwango vya masomo vya pamoja vya majimbo, mwaka 2010, lakini Texas haikuvipokea, na mwaka 2013 ilipitisha sheria ya kuvizuia. Viwango vyake huitwa TEKS. Tena, Texas mwalimu anayeshuku kwamba mtoto anateswa ni lazima atoe taarifa yeye mwenyewe. Kumwambia mkuu wa shule kisha kumwachia kazi hiyo hakutoshi, na jibu la “mjulishe mkuu wa shule” ni mtego unaowanasa wengi, kwa kuwa linasikika kama adabu njema.

Kuhusu STR niseme waziwazi: kwa sisi tuliojifunza kusoma kwa Kiswahili, huu ndio mgumu. Tulianza na a-e-i-o-u, tukaenda ba-be-bi-bo-bu, na tangu siku hiyo kinachoandikwa ndicho kinachosomwa. Masikio yetu hukata neno kwa silabi. Mtihani huu unataka ulikate kwa sauti mojamoja, na kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi na sauti zake haziendi sambamba. Jaribu: neno “ship” lina herufi nne lakini sauti tatu, kwa kuwa sh ni sauti moja, kama ilivyo katika shamba. Neno “box” lina herufi tatu lakini sauti nne, kwa kuwa x hubeba k na s kwa pamoja. Nilipoulizwa “box” ina sauti ngapi kwa mara ya kwanza, nilijibu tatu bila kusita. Tenga dakika 15 kila siku, uyatamke maneno kwa sauti huku ukihesabu kwa vidole, wala usijali watoto wakikucheka. Mtihani wenyewe una maswali 90 ya kuchagua na insha moja ya kuchambua usomaji wa mwanafunzi. Insha hiyo iandike mara sita au saba nyumbani ukiwa na saa mbele yako, maana hapo wanachotafuta ni ushahidi uliochotwa kwenye kazi ya mtoto, na Kiingereza cha madoido hakitakuongezea kitu.

Usikimbilie kujaribu bahati. Sheria ya Texas humruhusu mtahiniwa kuufanya mtihani mmoja mara tano tu kwa jumla, kila mara ada huzidi dola 100, na ukifeli utasubiri siku 30 kabla ya kurudi. Jioni zile za usingizi ningeziacha. Chukua Jumamosi mbili kwa mwezi, uketi saa nne mfululizo na jaribio zima, bila simu, kwa sababu uchovu wa saa ya tatu nao hufelisha.

SWALI: Mimi nimehama kutoka jimbo moja la Praxis kwenda jingine la Praxis. Huku wanataka alama ya juu kuliko niliyoipata, na Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Je, narudia mitihani yote?
— Msomaji

JIBU: Hapana. Mtihani ni ule ule, lakini kila jimbo hujiwekea alama yake ya kufaulu, kwa hiyo unaweza kuwa umefaulu kule na kufeli hapa bila alama yako kubadilika hata kidogo. Alama za Praxis huweza kutumwa kwa jimbo jipya kwa miaka 10. Linganisha kila moja na kiwango cha jimbo lako jipya, kisha urudie ile tu iliyopungua, baada ya siku 28 au zaidi tangu ulipoufanya mtihani huo mara ya mwisho. Hakikisha pia namba ya mtihani ni ile ile, kwa maana mitihani huondolewa na kuwekwa mipya yenye jina linalokaribia kufanana.

Kuhusu lugha, ETS, wanaoendesha Praxis, huweza kumpa nusu ya muda wa ziada mtahiniwa ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Ombi hilo hupelekwa na kukubaliwa kabla ya kupanga tarehe ya mtihani. Nimekutana na walimu waliolikataa kwa kuona haya, eti wataonekana hawajui Kiingereza. Alama inayopelekwa jimboni haisemi ulitumia dakika ngapi.

SWALI: Leseni yangu ya zamani ina jina la baba, kitambulisho changu kipya kina jina la ndoa. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Je, kuna shida?
— Mama wa wawili, Houston

JIBU: Ipo, na ni ya kushughulikia leo. Jina ulilojiandikisha nalo lazima lilingane na lililo kwenye kitambulisho utakachokionyesha mlangoni. Lisipolingana unaweza kurudishwa, na ada ikapotea. Ingia kwenye akaunti yako ya TEA uombe jina libadilishwe, uambatishe cheti cha ndoa, kisha hakikisha mabadiliko hayo yamefika pia katika akaunti ya kampuni inayoendesha mtihani, kwa kuwa hizo ni akaunti mbili. Kama una majina matatu, yatazame yote kwa mpangilio wake, herufi kwa herufi.