Mgeni akisema «¡Menuda carretera!»: kwa waongoza watalii wapya wa Iringa

Ninyi mnaoanza kuwapeleka Wahispania Ruaha, neno hili mtalisikia kabla hamjafika getini. Gari likianza kurukaruka, sauti itatoka siti ya nyuma: «¡Menuda carretera!» Kamusi inasema menudo ni -dogo, basi wapo wanaojibu kwa heshima zote kwamba barabara hii ni pana, malori mawili yanapishana. Mgeni hasemi upana. Anasema: hii nayo ni barabara!

Tazameni kivumishi kimekaa wapi. Kikifuata nomino, kama tulivyozoea kwenye Kiswahili, menudo ni udogo wa kweli: un hombre menudo ni mtu mwenye umbo dogo. Kikitangulia, tena katika mshangao, udogo unageuzwa kichwa chini, na kinachosemwa ni kikubwa: ¡menudo lío!, yaani balaa kwelikweli. Msikitangulize un wala una, hapo mshangao unaharibika. Kitenzi kikihitajika kije baadaye: ¡menudo lío has armado!, yaani balaa gani hili umezusha! Upatanisho hautawasumbua, aliyekua na ngeli zetu hashindwi na menudo, menuda, menudos, menudas.

Kazi iko kwenye sauti. Mgeni huyohuyo akikutana na dume la tembo mtoni atasema «¡Menudo elefante!», na hapo hamna kejeli hata chembe, amestaajabu. Kule nyanda za juu za Kitulo, kwenye baridi ya mwezi wa saba, atasema «¡Menudo frío!», na hilo halihitaji mkalimani. Kwa hiyo msikariri kwamba menudo ni kejeli. Neno linakuza tu; kusifu au kuponda mtakusikia kwenye sauti na kukuona usoni.

Valiente na bonito ndiyo yenye meno. Un amigo valiente ni rafiki jasiri, lakini ¡valiente amigo! ni rafiki gani huyo, bora asingekuwepo. Bonito ni -zuri, lakini ¡bonita hora de llegar!, yaani saa nzuri hiyo ya kufika, huambiwa aliyechelewa; ukiambiwa hivyo asubuhi pale hotelini usijibu gracias (asante), omba radhi uwashe gari. Dichoso nayo, ambayo kwa kawaida ni mwenye furaha, ikitangulia nomino huwa ni kero: el dichoso teléfono ni hilo lisimu lisiloacha kulia. Hii inakubali el na la, tofauti na menudo.

Kutumia wenyewe, anzeni na vitu: mvua, vumbi, pancha. Mgeni akikosa picha ya chui halafu umwambie «¡Valiente fotógrafo!», hata kama mmecheka pamoja siku nzima, usishangae bakshishi ikipungua. Mwacheni yeye aanze utani. Na msidhani kila anayezungumza Kihispania anatumia menudo hivi. Ni mazoea ya Hispania zaidi. Kwa Mmeksiko, el menudo ni supu ya utumbo.